Kamusi Isigeuzwe Hakimu: Kuhusu Jina la Tamasha la Nyege Nyege

Kila mara tamasha la Nyege Nyege linapokaribia, sisi wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda hupata umaarufu wa wiki moja. Watu ambao mwaka mzima hawana haja na ngeli wala methali wanatutafuta. Mchungaji anauliza. Mwenye hosteli anauliza. Ssenga wangu anapiga simu kutoka Masaka na kunong'ona, "Mwanangu, si wewe unayesoma Kiswahili? Hilo neno maana yake ni nini hasa?" (Ssenga, yaani shangazi, ambaye kwa mila za Buganda ndiye mwenye kazi ya kumfundisha binti mambo ya unyumba, naye ananong'ona!) Na sisi, kwa furaha ya kuulizwa jambo walau mara moja kwa mwaka, tunafungua kamusi, tunatoa fasili, na kesi inaisha hapohapo. Tamasha limepatikana na hatia. Shahidi ni Kiswahili.

Makala haya yanapinga tabia hiyo. Nimekwenda kwenye tamasha hilo na wenzangu watatu wa darasani: mmoja wa Gulu, mmoja Mrundi, na mmoja aliyekulia Goma. Tulilala kwenye mahema siku nne, tukala chapati za mayai asubuhi na jioni, tukarudi Kampala na sauti zimekauka. Kilichoniudhi si kile nilichokiona kule. Kilichoniudhi ni maneno tuliyoyakuta chuoni tuliporudi, kutoka kwa wanafunzi wenzetu na kwa baadhi ya wahadhiri, kwamba mtu anayekipenda Kiswahili hawezi kwenda mahali penye jina lile.

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo silaha yao. Katika Kiswahili sanifu, nyege ni ashiki, hamu kali ya kujamiiana. Hakuna mzungumzaji kutoka Mombasa hadi Kigoma anayehitaji kufafanuliwa, wala hakuna anayelitamka mbele ya wakwe. Sitaki kulificha hilo. Lakini tamasha halikupewa jina kwa Kiswahili. Waandaaji wamesema tangu mwanzo, 2015, kwamba jina lao ni la Kiganda na linahusu hamu ya ghafla ya kucheza ngoma, ile inayomshika mtu miguuni kabla hajaamua. Na sisi tuliozaliwa upande huu wa maziwa makuu tunasikia mambo mengine zaidi katika sauti hiyo. Bunyoro na Tooro wana ngoma iitwayo runyege, na wanaume wanaoicheza hufunga njuga miguuni ziitwazo ebinyege. Kama maneno haya yana mzizi mmoja au yanafanana kwa bahati tu, hiyo ni kazi ya isimu historia, na ningefurahi kama mmoja wetu angeifanya badala ya kupiga makelele. Ninachosema ni kwamba sauti hiyo ilikuwa uwanjani, miguuni mwa wachezaji, kabla ya mtu yeyote kubandika bango Jinja.

Sasa, ni somo gani tulilofundishwa mwaka wa kwanza kuhusu lugha za Kibantu? Kwamba zinafanana sana, na kwa sababu hiyo hudanganyana. Mwenzetu Mrundi aliposema siku ya kwanza hosteli kwamba jioni atateka, tulimtazama kwa mshangao. Kwao guteka ni kupika. Katika Kiswahili kuteka kuna maji kisimani na kuna mambo ya kutisha. Waganda nao hupika kwa okufumba, na Mswahili atasikia mtu anafumba macho. Hakuna aliyempeleka Mrundi polisi kwa kuteka viazi. Tulicheka, tukajifunza, tukala. Kwa nini basi neno hili moja tu ndilo linalonyimwa haki ambayo maneno mengine yote yanapewa, ya kuwa na maana yake nyumbani kwake?

Jibu ni kwamba neno hili linawafaa wanasiasa. Septemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Maadili na Uadilifu, hayati Simon Lokodo, ambaye kabla ya siasa alikuwa padri, alitangaza kulipiga marufuku tamasha. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa jina: alidai ni la uchochezi, lina maana ya ngono. Baada ya muda mfupi marufuku hiyo ikaondolewa na tamasha likafanyika. Septemba 2022 Bunge likalirudia jambo lilelile. Spika Anita Among na wabunge kadhaa wakasema tamasha linaeneza uasherati, Bunge likaagiza lisimamishwe, kisha Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaliruhusu kwa masharti. Likafanyika Itanda, kwenye maporomoko ya mto Nile, tarehe 15 hadi 18 ya mwezi huo.

Naomba msomaji aitazame kalenda ya mwaka huo kwa makini. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Idara zetu zilishangilia. Tulikata keki. Miezi miwili baadaye, Bunge la nchi hiyohiyo likatumia siku zake kujadili kama vijana waruhusiwe kukusanyika mahali ambapo, pamoja na lugha nyingine nyingi, Kiswahili kinaimbwa usiku kucha bila mtu kulazimishwa. Idara hazikusema neno. Ninyi mlionishangaza ni ninyi, si wabunge. Mbunge hakusoma isimu.

Nitakubali jambo moja kwa wapinzani wangu, kwa sababu ni la kweli. Waandaaji si malaika. Labda 2015 hawakufikiria sana jinsi jina lao litakavyosikika Dar es Salaam, ingawa naona vigumu kuamini. Lakini leo wanajua, na kelele za kila mwaka zinawauzia tiketi kuliko tangazo lolote. Ninaona wazi kwamba kuna kukonyezana. Ila kukonyezana huko hakukuletwa Afrika Mashariki na tamasha. Nani kati yetu hajafanya mtihani juu ya nyimbo za unyago? Tunamsoma Bi Kidude, aliyefariki 2013, kwa heshima zote, na tunaandika kurasa tatu kuhusu dhima ya nyimbo za unyagoni, huku tukijua vizuri kwamba mwari hafundishwi kupika wali tu. Tunachambua mafumbo ya taarabu na mipasho ya mijini, ambako embe si embe na mpera si mpera. Hayo tunayaita urithi, tunayapa alama. Ashiki ikiimbwa na bibi wa Unguja ni fasihi simulizi. Ikisikika kwa makosa katika neno la Kiganda ni uasherati. Mwenye kuweza kunionyesha kanuni ya kisayansi inayotenganisha mambo hayo mawili aje, nitamkaribisha chai.

Lakini niachane na jina, maana hata mimi naanza kufanya kile ninachokilaumu. Tunajadili kibao cha mlangoni na ndani hatujaingia.

Ndani kuna nini? Kuna singeli, kwanza. Muziki huu ulizaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam, Manzese, Tandale, Mburahati, kwa vijana waliochukua mchiriku na vipande vya taarabu wakaviongezea kasi kwenye kompyuta za bei rahisi hadi mapigo yakapita 200 kwa dakika, wakati mwingine yakakaribia 300. Juu ya mapigo hayo mtu anaghani. Anaghani kuhusu kodi ya nyumba, kuhusu mchongo uliokufa, kuhusu rafiki aliyepata pesa akabadili namba ya simu. Kwa miaka mingi muziki huu ulibaki kwenye vigodoro na sherehe za mtaani. Na nani aliuweka kwenye santuri iliyosikilizwa nje ya Tanzania? Lebo ya Kampala inayobeba jina hilohilo mnalolionea aibu, Nyege Nyege Tapes, ilipotoa Sounds of Sisso mwaka 2017, mkusanyiko kutoka studio moja ya Mburahati. Mwaka uliofuata zikaja Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Poaa ya Bamba Pana. Angalieni majina hayo: ni Kiswahili kitupu. Lebo ndogo iliyo pembeni yake inaitwa Hakuna Kulala. MC Yallah, aliyezaliwa Kenya na kukulia Uganda, anayeghani kwa Kiganda, Kiluo, Kiingereza na Kiswahili, albamu yake ya 2019 aliiita Kubali. Mswahili mwenye wivu na lugha yake angekuwa anahesabu haya kwa vidole na kujisifu. Sisi tunahesabu herufi tano za kibao.

Kuhusu usiku wa pili nitaeleza kidogo zaidi, kwa sababu ndio ulionifanya nikae chini kuandika. Mwimbaji wa singeli alipanda jukwaani saa nane za usiku. Mbele yetu kulikuwa na kundi la vijana wa Iganga, waendesha bodaboda, ambao Kiswahili chao ni kile cha stendi na cha polisi. Walikuwa wanaruka, kisha mmoja akageuka akatuuliza kwa Lusoga na Kiganda, "Anasema nini?" Nikaanza kutafsiri. Maneno yalikuwa yanakimbia kuliko ulimi wangu. Mwenzetu wa Goma akachukua nafasi. Huyu ni mtu ambaye darasani insha zake zinarudi zimejaa wino mwekundu, kwa sababu watu kwake ni batu na sarufi yake ni ya kwao. Pale uwanjani alikuwa mkalimani wetu wa kutegemewa. Alilisikia shairi kwa sikio la mtaa, akalimwaga kwa Kiswahili cha Kongo kilichochanganywa na Kiganda cha Kampala, na wale vijana wakaanza kurudia neno mojamoja, wakiuliza maana, wakilirusha tena kwa jukwaa. Hapo pembeni Wakongo wengine watatu wakasikia lafudhi, wakasogea. Kufikia saa kumi kulikuwa na watu kama kumi na wawili wamesimama duara wakibishana kuhusu neno "mchongo" kama ni kazi, dili, au ujanja. Nimehudhuria semina nyingi za leksikografia. Ile ilikuwa bora kuliko kadhaa kati ya hizo, na hakuna aliyesinzia.

Asubuhi yake, kando ya jukwaa jingine, tulisikiliza embaire ya Nakibembe, ile marimba kubwa ya Busoga inayowekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja, mikono ikipishana bila kugongana. Mwenzetu wa Gulu alisema kwao muziki wa harusi wa Kiacholi sasa unapigwa kwa kinanda cha umeme, na kwamba Otim Alpha aliyeufanya hivyo amesikilizwa Ulaya kabla ya kusikilizwa na wanafunzi wa Makerere. Sina la kuongeza hapo.

Kuna jambo jingine ambalo naomba wahadhiri wetu walifikirie. Langoni, askari waliotupekua mabegi walizungumza nasi Kiswahili. Ni kawaida; Kiswahili ni lugha ya polisi na jeshi Uganda, na ndicho kisa chetu chote. Gavana Gowers alitaka kukisukuma mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa akakipinga. Idi Amin akakitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, kwa amri. Katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na mawaziri wakaamua tena 2022. Wazazi wetu wengi walikijua kwanza kupitia kizuizi cha barabarani: simama, toa kitambulisho, kaa chini. Mama yangu hadi leo akisikia Kiswahili usiku anazima taa. Ndiyo maana shule zikifundisha, watoto wanakariri kisha wanasahau. Lugha hii huku kwetu daima imekuja na agizo.

Hatua mia mbili ndani ya lango lilelile, kijana wa Iganga alikuwa analilia neno la Kiswahili alijue maana yake ili aimbe vizuri. Hakuna waziri aliyemtuma. Hakuna mtihani. Nimesoma sera nyingi za lugha, na katika zote sijaona mpango wa kuzalisha kitu kama hicho, kwa sababu hakizalishwi na mpango. Kinapotokea, mtu mwenye akili anakitunza. Sisi tumesimama mlangoni na kamusi mkononi tukisaidia kukifunga.

Nimeambiwa: lakini Kiswahili kile ni kibovu, si sanifu, kitawaharibu wanafunzi. Nimejibu mara nyingi na nitajibu tena. Usanifu ni kazi nzuri na ngumu, nami napanga kuifanya maishani mwangu. Lakini wasanifishaji wa kwanza walipata wapi maneno? Waliyatoa vinywani mwa watu wa Unguja waliokuwa wanauza samaki na kuapizana. Kamusi inafuata mdomo. Asiyetaka kusikia midomo ya Manzese leo atakuwa anafundisha mwaka 2040 lugha ambayo wenyewe wameihama.

Nimeambiwa pia: pombe, bangi, watalii, wazungu. Haya ni mambo halisi na ningependa tuyajadili kama watu wazima, kwa maswali yanayofaa. Tamasha lolote la siku nne linalokusanya maelfu linapaswa kuulizwa: msichana anayeshikwashikwa gizani anaripoti kwa nani, na anayepokea ripoti amefunzwa? Mwanakijiji mwenye shamba jirani analipwa nini? Kwa nini tiketi inampita kijana wa Iganga hadi aingie kwa kubeba maspika? Nyege Nyege iliasisiwa na watu wawili wenye asili ya Ulaya, Arlen Dilsizian na Derek Debru. Ni haki kuuliza mikataba ya wasanii wa Mburahati inasemaje, na santuri ikiuzwa Berlin shilingi ngapi inarudi Dar. Hayo ndiyo maswali ya maadili. Katika mabishano ya 2022 yangeweza kuulizwa yote kwa siku moja na majibu yakaandikwa kwenye masharti ya kibali. Badala yake, nishati ikaisha kwenye neno.

Na wanaosema tatizo ni jina tu, kwamba lingekuwa jina jema wangeliunga mkono, nina mfano wa kuwapa. Zanzibar kuna tamasha la muziki lililoanza 2004, linalofanyika Ngome Kongwe kila Februari, lenye jina ambalo hata sheikh analitamka bila kusita: Sauti za Busara. Bi Kidude aliimba pale. Limewakutanisha wanamuziki wa bara zima. Mwaka 2016 halikufanyika, kwa kukosa fedha. Wapenda majina mema walikuwa wapi na michango yao? Sikumbuki bunge lolote la kanda hii likikutana kwa dharura kwa sababu Busara imekosa sauti.

Kwa hiyo ninaomba mambo mahususi, nami ninayaomba hadharani ili yasije yakapotea kwenye sanduku la maoni. Mtu akikuuliza wewe mwanafunzi wa Kiswahili maana ya jina la tamasha, mpe majibu matatu: la Kiswahili, la Kiganda kama wenyewe wanavyolieleza, na habari za ebinyege, kisha mwambie aamue kama bado ana hamu ya kumshitaki mtu. Kozi ya Fasihi Simulizi iongezewe wiki mbili za singeli, karibu na wiki ya taarabu, na wanafunzi wapewe rekodi wanukuu mashairi kwa masikio yao. Na mwenzetu wa Goma aruhusiwe kuandika tasnifu yake juu ya msamiati aliouokota Itanda. Ana daftari lenye maneno 64, mengi hayamo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kila moja likiwa na sentensi iliyosikika, jina la mtaa alikotoka msemaji, na saa. Pendekezo lake lilirudishwa muhula uliopita likiwa na maoni ya mstari mmoja, kwamba mada haina staha. Muhula huu amelirudisha vilevile, neno kwa neno, pamoja na njuga moja ya ebinyege aliyoinunua Fort Portal, ameifunga kwenye jalada kwa uzi.